Skrubu za magari ya rimoti: jinsi ya kununua zilizo bora Eastlands, Nairobi

Gari la rimoti likiharibika, lawama huangukia mota, betri au kijana aliyelirusha kwenye ngazi. Aghalabu mkosaji ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele: skrubu iliyolegea, iliyokatika, au iliyotiwa mahali pasipo pake. Mzazi wa Buruburu au Umoja hununua gari kwa maelfu ya shilingi, kisha likapotea skrubu moja, likawekwa juu ya kabati hadi vumbi likalifunika. Si kwamba skrubu hazipo mjini. Ni kwamba mnunuzi hajui aulize nini, na muuzaji naye humpa anayofikiri inafanana.

Makala haya ni ya kuweka. Yanamhusu kijana wa Eastlands anayetengeneza gari lake mwenyewe, na pia ndugu zake wa Pwani wanaomtuma awanunulie vifaa. Wasomaji wetu wengi wana jamaa Eastleigh, Pumwani, Donholm, Komarock au Kayole, na agizo la "nitafutie skrubu huko Nairobi" si geni. Nyingi ya skrubu hizo zimeshuka Kilindini, zikapita karibu na milango yetu ndani ya makontena hadi bandari kavu ya Embakasi, ndipo tukaziagiza zirudi kwa basi. Basi zikirudi, zirudi zilizo sawa.

Neno kuu ni moja: skrubu hununuliwa kwa namba, hainunuliwi kwa macho.

Macho hudanganya, hata ya fundi wa ndege

Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga ilipasukiwa na kioo cha mbele ikiwa angani. Kioo kiliruka chote, na rubani akavutwa nje nusu mwili huku wenzake wakimshika miguu. Alipona, na ndege ikatua salama Southampton. Uchunguzi ulionyesha kwamba kioo kile kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizotiwa, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa takriban milimita 0.66, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Fundi alizichagua kwa kuzilinganisha kwa macho na zile alizotoa, bila kutazama namba kwenye kitabu cha vipuri.

Huyo alikuwa fundi mwenye uzoefu, kwenye karakana yenye vitabu. Seuze mimi na wewe kwenye kaunta ya hadiwea, jioni, umeme ukiwa hafifu, na muuzaji ana wateja watano nyuma yako.

Namba nne za kujua kabla ya kutoka nyumbani

Ya kwanza ni kipenyo. Skrubu za milimita huanza na herufi M. M3 maana yake ni skrubu yenye kipenyo cha milimita 3 ukipima juu ya meno. Magari ya kipimo cha 1/10, yaani yaliyo sehemu moja ya kumi ya gari halisi, hutumia M3 karibu kila mahali. Magari madogo ya 1/18 hutumia M2, M2.5 na wakati mwingine saizi za kati kama 2.3 na 2.6. Magari makubwa ya 1/8 huongeza M4 na M5.

Ya pili ni nafasi kati ya jino na jino. Kwa saizi za kawaida nafasi hizo zimepangwa:

- M2: milimita 0.4
- M2.5: milimita 0.45
- M3: milimita 0.5
- M4: milimita 0.7
- M5: milimita 0.8

Ya tatu ni urefu. Hapa wengi hukosea. Skrubu yenye kichwa kinachokaa juu hupimwa kuanzia chini ya kichwa hadi ncha. Yenye kichwa bapa cha kuzama ndani ya tundu hupimwa yote, pamoja na kichwa. Kwa hiyo M3 ya milimita 10 ya kuzama na M3 ya milimita 10 ya kichwa cha juu haziingii kwa kina kimoja.

Ya nne ni kichwa na ufunguo wake. Magari mengi ya kisasa hutumia tundu la pembe sita linalofunguliwa kwa ufunguo wa Allen. Kichwa kirefu kama pipa cha M3 hutaka ufunguo wa milimita 2.5. Kichwa cha mviringo na kile cha kuzama vya M3 hutaka wa milimita 2. Skrubu isiyo na kichwa, ile inayobana gia ndogo kwenye shafti ya mota, ikiwa M3 hutaka wa milimita 1.5. Kwa M4 mpangilio huo huo ni 3, 2.5 na 2. Nati ya M3 hushikwa na spana ya milimita 5.5, ya M4 ni 7, na ya M5 ni 8.

Ukishakuwa na namba hizo nne, maneno ya kaunta ni mafupi: "Kaka, nataka skrubu ya M3, urefu milimita 10, kichwa cha mviringo, ya ufunguo wa milimita 2." Muuzaji anayejua kazi yake atakwenda moja kwa moja kwenye boksi. Asiyejua atakupa mkebe mzima uchokore mwenyewe. Huyo mshukuru, kisha uende duka la pili.

Pima kabla ya kukisia

Kifaa cha kwanza cha kununua si skrubu, ni kalipa. Hata ile ya plastiki inatosha kwa kuanzia. Pima juu ya meno. M3 halisi huonyesha pungufu kidogo ya 3, kama 2.9 hivi, na hiyo ni kawaida. Kama huna kalipa, panga nati unazozijua ni M2.5, M3 na M4, ujaribu skrubu kwa vidole. Iingie kwa wepesi mizunguko mitatu au minne bila kulazimishwa. Ikikwama kwenye mzunguko wa pili, iache.

Sababu ya kuiacha ni hii. Baadhi ya magari ya zamani ya Marekani yalitumia skrubu za inchi, hasa ile iitwayo 4-40. Kipenyo chake ni kama milimita 2.84 na ina meno 40 kwa kila inchi, yaani nafasi ya milimita 0.635. Kwa macho huwezi kuitofautisha na M3. Ukiilazimisha kwenye tundu la M3, itaingia mizunguko michache ikisaga meno njiani, na siku ya kuitoa itatoka na vumbi la chuma. Gari kuukuu la mitumba linaweza kuwa la aina hiyo, na linaweza hata kuwa na mchanganyiko kwa sababu mwenyewe wa kwanza alitia aliyoipata.

Ndani ya kompyuta za mezani nako mna mchanganyiko kama huo. Skrubu zinazoshika kisomaji cha sidii ni M3, lakini zinazoshika diski kuu kubwa ni za inchi, 6-32. Ukichokora mkebe wa fundi wa kompyuta, na ni mahali pazuri pa kupata M3 kwa bei ya bure, usisahau kuzichambua kwa nati.

Meno ya plastiki na meno ya chuma

Skrubu ni za aina mbili kubwa. Zipo za kuingia kwenye chuma au nati, zenye meno madogo yaliyokaribiana. Na zipo za kujichimbia kwenye plastiki, zenye meno makubwa yaliyoachana na mara nyingi ncha nyembamba. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, hutumia sana za kujichimbia za milimita 3 na 2.6 katika magari yake ya kujengwa nyumbani.

Usibadilishane. Ya chuma ukiitia kwenye plastiki iliyochimbwa na ya plastiki, itashika kidogo na kung'oka kwenye mruko wa kwanza. Ya plastiki ukiilazimisha kwenye alumini, utaharibu tundu ambalo hulirudishi.

Unaporudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume, kama unafungua, hadi usikie inadondoka kidogo. Hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani. Sasa kaza. Ukipuuza, kila ukifungua na kufunga unachimba njia mpya, na baada ya mara tano tundu limekuwa pana, skrubu inazunguka bure. Kijana hulalamika kwamba skrubu za dukani ni mbovu, kumbe mkono ndio uliokula plastiki.

Kuhusu kina, kanuni ya mafundi ni rahisi kukumbuka. Kwenye chuma, meno yashike angalau kwa kina kinacholingana na kipenyo cha skrubu. Kwenye alumini, mara moja na nusu hadi mbili. Kwenye plastiki, mara mbili au zaidi. M3 kwenye plastiki basi ishike milimita 6 na kuendelea.

Lakini refu zaidi si bora zaidi. Mota za kawaida za ukubwa wa 540 hufungwa kwa skrubu mbili za M3 zilizoachana milimita 25. Ukizidisha urefu, ncha huingia ndani na kukwaruza nyaya za shaba, mota ikaungua. Baya zaidi ni chini ya betri. Betri za lithiamu zenye ganda laini zikitobolewa na ncha ya skrubu huweza kushika moto, na moto wake hauzimwi kwa kofi la mkono. Katika fleti za Eastlands, ambako familia hulala chumba kimoja na chaja iko kando ya kitanda, skrubu iliyozidi milimita mbili si mzaha. Baada ya kufunga skrubu yoyote kwenye sakafu ya gari, pitisha kidole upande wa betri. Ukihisi ncha, ibadilishe kabla ya kuwasha.

Nguvu yake: 8.8, 10.9 na 12.9

Namba zilizopigwa kwenye kichwa cha bolti si urembo. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 inakupa nguvu ya kukatika kwa kipimo cha megapaskali. Ya pili inaeleza ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti huanza kunyooka isirudi. Kwa hiyo 8.8 hukatika kwenye takriban 800 na kuanza kunyooka kwenye 640. Ya 10.9 ni 1000 na 900. Ya 12.9 ni 1200 na 1080. Stenlesi ya kawaida huandikwa A2-70: hukatika kwenye 700, lakini huanza kunyooka mapema, kwenye 450.

Tuyalete nyumbani. M3 moja ya 8.8, ikivutwa moja kwa moja, hubeba karibu kilo 400 kabla ya kukatika. Ya 12.9 hubeba karibu kilo 600. Hakuna gari la rimoti linalofika huko kwa kuvutwa. Kinachokata skrubu zetu ni kukatwa kwa ubavu na kupinda pale gurudumu linapogonga ukingo wa barabara, na kinachoziharibu kabla ya hapo ni tundu la ufunguo kuliwa hadi likawa duara. Chuma laini huliwa upesi. Ndiyo maana skrubu nyeusi za 12.9 zinapendwa: tundu lake linadumu na pembe zake sita.

Tahadhari moja. Kwa saizi zilizo chini ya M5, viwango vya kimataifa havimlazimishi mtengenezaji kupiga alama kwenye kichwa. Kwa hiyo M3 isiyo na maandishi si lazima iwe mbovu, na rangi nyeusi pekee si ushahidi kwamba ni 12.9. Hapo unategemea pakiti, duka, na jaribio nitakaloeleza mbele.

Usidhani pia kwamba 12.9 ifae kila mahali. Mafundi wengi wa magari haya hupenda sehemu fulani ikatike kwanza ili kuokoa iliyo ghali. Afadhali skrubu ya mkono wa saspensheni ikatike kuliko sanduku la gia kupasuka. Fuata kitabu cha gari. Kilipoandika ya kawaida, tia ya kawaida.

Kutu: Nairobi si Mombasa

Skrubu nyeusi za chuma kigumu hushika kutu. Nairobi, penye hewa kavu, zinaweza kukaa muda mrefu zikipakwa mafuta kidogo. Mombasa, Lamu au Malindi, chumvi ya hewani huzigeuza rangi ya matofali upesi, na tundu likijaa kutu ufunguo haushiki tena. Anayenunua kwa ajili ya ndugu wa Pwani achague stenlesi kwa sehemu zisizobeba mshindo mkubwa. A2 yatosha kwa kawaida, na A4, yenye madini ya molibdeni, ndiyo inayostahimili chumvi vizuri zaidi. Zile nyeusi aziweke kwenye mota na gia tu, zipakwe grisi.

Stenlesi nayo ina tabia yake. Bolti ya stenlesi na nati ya stenlesi zikikazwa kavu huweza kung'ang'aniana hadi zikatwe kwa msumeno. Paka grisi kidogo, kaza polepole.

Bisibisi ya nyota si moja

Vijana wengi huharibu skrubu za Kijapani wakidhani ni laini. Skrubu hizo zina msalaba wa kiwango cha Japani, kiitwacho JIS, ambao unafanana na ule wa Phillips lakini pembe zake ni tofauti. Bisibisi ya Phillips ikikazwa kwa nguvu hupanda na kuruka nje, ikakwangua msalaba. Ya JIS hukaa chini kabisa. Ukiona kichwa kina nukta moja ndogo kando ya msalaba, hiyo ni dalili ya JIS. Wenye karakana za pikipiki za Kijapani wanaijua shida hii.

Kwa ufunguo wa Allen, usinunue seti ya bei ya chini kabisa. Ufunguo laini huviringa pembe zake, kisha unaviringa tundu la skrubu iliyokuwa nzima. Ukiwa na pesa kidogo, nunua funguo mbili tu zilizo bora, za 2 na 2.5, badala ya seti ya kumi zisizofaa.

Nati, na gundi ya kuzuia kulegea

Gari la rimoti hutetemeka mfululizo. Chochote kisichozuiwa kitalegea. Gurudumu la gari la 1/10 kwa kawaida hukaa kwenye kitako cha pembe sita cha milimita 12 na kufungwa kwa nati ya M4 yenye duara la nailoni ndani. Nailoni hiyo ndiyo kinga. Ukiweza kuiingiza nati hadi mwisho kwa vidole bila spana, nailoni imekufa, itupe.

Chuma kinapoingia kwenye chuma, tia tone la gundi ya nati. Ya bluu ndiyo ya kazi zetu, kwa sababu hufunguka kwa zana za kawaida. Nyekundu ni ya kudumu na hutaka moto kuifungua. Usitie gundi hii kwenye plastiki: haisaidii, na baadhi ya plastiki hupasuka ikiguswa nayo. Skrubu ya gia ya mota ikae juu ya sehemu iliyochongwa bapa kwenye shafti, si upande wa duara, kisha itiwe gundi.

Wapi Eastlands

*Kamukunji, Shauri Moyo.* Hapa ndipo chimbuko la jina jua kali kwa wengi wetu: mafundi wa masanduku, majiko, karai na mikokoteni. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi hawa waliokuwa wakifanya kazi juani, na ahadi ya kuwajengea vibanda ikafuata. Kamukunji ni pazuri kwa bolti za M5 na kuendelea, washa, ribiti, na zaidi ya yote kwa fundi wa kukutobolea au kukutengenezea kipande cha bati au alumini. Kwa M3 usikutegemee sana.

*Kariobangi Light Industries.* Karakana za vyuma, za mashine na za vipuri. Hapa utampata mtu wa kukukatia meno mapya kwenye tundu lililokwisha, au kukutolea skrubu iliyokatikia ndani. Mpelekee kipande chenyewe, usimweleze kwa mdomo.

*Kirinyaga Road,* ambayo wazee bado huiita Grogan. Ni soko la vipuri vya magari na pikipiki, ukingoni mwa jiji ukitokea Eastlands. Chukua hapa bolti zenye alama, gundi ya nati na grisi.

*Industrial Area,* upande wa Enterprise Road na Lunga Lunga Road. Hapa ndipo pa wauzaji wa jumla wa vifaa vya viwanda. Vijana watano wa mtaa mmoja wakichanga pesa na kununua boksi moja la M3, bei ya kila moja hushuka sana, na wanapata pakiti iliyoandikwa saizi, gredi na mtengenezaji.

*Luthuli Avenue na River Road,* katikati ya jiji. Maduka ya elektroniki ndiyo pa kuanzia kwa M2, M2.5 na M3 ndogo ndogo.

*Printa zilizokufa, redio na kompyuta kuukuu.* Mafundi wa mitaani hutupa au kuuza kwa bei ndogo. Zina skrubu nyingi nzuri za M3 na za kujichimbia. Zichambue kwa nati, uzitie kwenye vikebe vyenye majina.

Majaribio matano kwenye kaunta

1. Tazama meno kwa mwanga. Yawe makali na sawa kutoka juu hadi chini, bila vipele.
2. Ingiza ufunguo wako mwenyewe kwenye tundu. Usichezecheze. Ukicheza, tundu ni pana na litaliwa.
3. Viringisha skrubu juu ya kioo cha kaunta. Iliyopinda itaonekana ikiyumba.
4. Ukiambiwa ni stenlesi ya A2, leta sumaku. Isishike, au ishike kwa udhaifu. Ikinata kama msumari, si hiyo.
5. Nunua moja, kaizie kwenye nati nyumbani hadi ikaze sawasawa, fungua, rudia mara tatu. Ikibaki nzima, rudi ununue ishirini.

Omba risiti iliyoandikwa saizi na gredi, si "skrubu" tu. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na ya kupewa taarifa anazohitaji. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lipo tangu 1974, na Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ni ya 2008. Lakini bila risiti, mlalamishi hana pa kuanzia. Tatizo hili si la Afrika pekee: Marekani ilipitisha sheria maalumu ya ubora wa bolti mwaka 1990, baada ya bolti zenye alama za uongo kusambaa katika viwanda vyake.

Kutoka gari dogo hadi boda boda

Mtu anaweza kuuliza, haya yote kwa ajili ya gari la mchezo? Jibu liko barabarani. Kijana anayefungua gari la rimoti leo Jericho au Dandora, kesho atakuwa kwenye karakana akifunga breki za boda boda, na keshokutwa nati za gurudumu la matatu ya Jogoo Road. Mkono ni ule ule na mazoea ni yale yale. Akizoea kwenye gari dogo kwamba "hii inafanana, itie tu", hataacha tabia hiyo siku abiria kumi na wanne watakapokuwa juu yake.

Huko kwenye vyombo vya kubeba watu, kanuni inakuwa kali zaidi. Bolti ya breki, ya usukani au ya gurudumu irudishwe kwa saizi, gredi na urefu ule ule wa kitabu. Bolti za inchi za Kimarekani hazina namba bali mistari: mitatu kichwani ni gredi ya 5, inayokaribiana na 8.8, na sita ni gredi ya 8, inayokaribiana na 10.9. Bolti kubwa isiyo na alama yoyote isikaribie breki. Na stenlesi inayong'aa, hata ikipendeza kiasi gani, haichukui nafasi ya 10.9.

Kosa kwenye gari la rimoti hugharimu gurudumu moja lililobingirika hadi kwenye mtaro. Hakuna shule ya bei nafuu kuliko hiyo. Mzazi mwenye gari bovu juu ya kabati alishushe, ampe kijana kalipa, karatasi na kalamu, amwambie aandike saizi ya kila skrubu na mahali pake. Orodha hiyo ndiyo atakayokwenda nayo Kirinyaga Road Jumamosi, na ndiyo itakayomzoesha kutazama namba kabla ya kukaza.